Kasia la Nchi Kavu

Ndugu msomaji, kabla hujanicheka naomba unisikilize kwanza. Mwaka jana mama yangu alipokea upatu wake, akanihesabia shilingi laki moja na themanini mkononi, akaniambia, "Haya baba, nenda kachapishe hicho kitabu chako tukione." Nilikuwa na kaunta buku tatu za riwaya, zote kwa mwandiko wa mkono. Nikatoka nyumbani asubuhi na nia njema kabisa ya kwenda kwa yule dada mwenye kompyuta pale stendi. Jioni nikarudi ndani ya bajaji, miguu nje, nimekumbatia mashine ya kupiga makasia.

Sio mashua, sio mtumbwi. Mashine. Chuma kirefu chenye kiti kinachoteleza na mikono miwili iliyofungwa kwenye shokapu kama za pikipiki. Unakaa, unafunga miguu, unavuta mikono kuja kifuani, kiti kinarudi nyuma, unaachia, kiti kinakwenda mbele. Unavuta tena. Jasho linakutoka, moyo unadunda, na ukishuka uko pale pale ulipopandia. Mama aliizunguka mara mbili kama anakagua mbuzi wa sadaka.

"Hiki chombo kinakwenda wapi?"

"Hakiendi popote, mama."

"Na kitabu?"

Sikuwa na jibu. Mama hakusema na mimi kwa siku tatu, na mama yangu akinuna, jamani, hata chai inakosa sukari. Insha hii ndiyo jibu langu. Limechelewa, lakini limenilazimu kurudi nyuma sana, hadi kwa Warumi, na kutoka Warumi hadi uwanja wa ndege wa Dar es Salaam mwaka 1980. Vumilia, tutafika.

*

Nianze na mgongo, maana mgongo ndio chanzo cha yote.

Nilimaliza kidato cha nne, matokeo tuyaache. Mwaka 2018 nikapata kibarua kwenye hoteli moja ya ufukweni, nikapangiwa chumba cha mazoezi. Kazi yenyewe ilikuwa kukunja taulo, kufuta jasho la watu kwenye mashine na kuhakikisha maji ya kunywa hayaishi. Pembeni kabisa kulikuwa na mashine ya kupiga makasia, ile ya upepo, yenye gurudumu kubwa lililofunikwa na wavu. Wageni wengi walikuwa hawaigusi. Mgeni mmoja tu, mzee wa Kizungu mwenye mvi, ndiye aliyeipanda kila alfajiri, na alinionyesha siri yake. Watu hudhani kasia ni mikono. La hasha! Kasia ni miguu. Unasukuma kwa miguu kwanza, halafu unafungua kiuno, mwisho kabisa ndio mikono inamalizia. Kurudi ni kinyume chake: mikono, kiuno, miguu. Ukivuruga mpangilio huo mgongo utakuadhibu.

Basi kila siku usiku, wageni wakishalala, nilikuwa nafunga mlango na kupiga makasia dakika ishirini. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na sababu yangu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi. Riwaya yangu inamhusu yeye, au tuseme inamhusu mtu aliyefanana naye mno. Babu alifariki nikiwa darasa la tano. Ninachokumbuka ni mikono yake, viganja vigumu kama soli ya kiatu, na namna alivyokuwa akinisahihisha maneno. Upondo, alisema, ni mti mrefu wa kusukumia chombo maji yakiwa machache. Kafi unalishika mikononi tu, halikufungwa popote, na unatazama mbele unakokwenda. Kasia limeegemea ubavu wa chombo, na mwenye kulivuta anatazama nyuma, anakotoka. "Kwa hiyo, mjukuu wangu," aliniambia, "mwenye kasia hajui anakokwenda. Anajua alikotoka tu. Akiona mnazi wa nyumbani umenyooka na msikiti, basi anajua njia yake imenyooka."

Na mimi, mtunzi wa riwaya ya mvuvi, sikuwahi kupiga kasia baharini hata siku moja. Nimezaliwa mjini, baharini nakwenda Idi na Pasaka kula mihogo. Ile mashine ya hoteli ndiyo ilikuwa bahari yangu.

Halafu ikaja corona. Machi 2020 mgonjwa wa kwanza akatangazwa nchini, ndege zikakatika, wageni wakaisha. Hoteli ikafunga, tukapewa barua na nusu mshahara. Nikasema, haya sasa, nimepata muda, niandike. Nikaandika kweli, miaka minne, juu ya kigoda, kaunta buku juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwaka jana mgongo ukagoma. Nikikaa nusu saa tu, maumivu yanapanda kutoka kiunoni kama mtu ananichoma sindano. Daktari akanipima, akaniambia hakuna kilichovunjika, misuli ya mgongo imelegea kwa kukaa tu. "Dawa yake ni mazoezi, kijana." Riwaya ilikuwa imebakiza sura nne na mimi siwezi kukaa.

Ndiyo maana, siku ile natoka na pesa ya mama, nilipopita kwenye mnada wa vitu vya mtumba nikaiona mashine imesimamishwa kati ya friji na kitanda cha mtoto, miguu yangu ilisimama yenyewe. Yule jamaa alitaka laki mbili na nusu. Tukavutana. Mengine unayajua.

*

Sasa tuingie kwenye historia yenyewe. Swali la mama lilinikera kwa sababu lilikuwa swali la haki. Chombo kisichokwenda popote, nani alikibuni na kwa nini? Nilianza kutafuta maktaba na kwenye simu, nikadhani nitakuta tajiri fulani wa Ulaya aliyekuwa na kitambi. Nilichokikuta ni kingine kabisa.

Mwaka 264 K.K. Roma iliingia vitani na Karthago, mji wa Afrika ya Kaskazini, pale ilipo Tunisia leo. Karthago ilikuwa dola ya baharini. Roma ilikuwa dola ya nchi kavu, askari wa miguu. Vita yenyewe ilikuwa ya kugombea Sicilia, na Sicilia ni kisiwa. Utapiganaje vita ya kisiwa bila meli? Mwanahistoria Mgiriki Polybius, aliyeandika habari hizo karne moja baadaye, anasema Warumi waliamua kuunda meli 100 kubwa na 20 ndogo zaidi, na mafundi wao walikuwa hawajawahi kuunda meli kubwa za aina ile. Bahati yao meli moja ya Karthago ilikuwa imekwama ufukweni, wakaikamata, wakaigeza.

Lakini meli bila wapiga makasia ni gogo. Na wapiga makasia watajifunzia wapi wakati meli bado ni mbao? Hapa ndipo niliporuka kwenye kiti. Polybius anaeleza kwamba waliwekewa mabenchi nchi kavu, wakapangwa kama watakavyokaa ndani ya meli, na katikati yao akasimama mtu wa kutoa amri. Wakazoezwa kurudi nyuma wote kwa pamoja huku wakivuta mikono kifuani, kisha kuinama mbele wakiisukuma mikono, kuanza kwa amri na kuacha kwa amri. Meli zilipokamilika zikashushwa majini, wakajaribu kidogo baharini, wakaondoka kwenda vitani.

Hebu wafikirie, msomaji. Mamia ya wakulima wamekaa kwenye mabenchi juu ya mchanga, wanavuta hewa. Bila shaka kulikuwa na mama wa mtu amesimama pembeni anauliza, "Na hicho kinakwenda wapi?"

Na msidhani watu wa makasia zamani wote walikuwa watumwa wa minyororo. Hiyo tumeipata kwenye sinema, hasa ile Ben-Hur ya mwaka 1959. Kule Athene, meli ya vita ilibeba wapiga makasia 170, na sehemu kubwa walikuwa raia huru wasio na mali, watu wa ujira. Waliposhinda meli za Waajemi pale Salamis mwaka 480 K.K., ushindi ulikuwa wa maskini hao. Kasia lilikuwa kazi ya mtu asiyeweza kununua farasi.

Je, mabenchi ya Warumi yalisaidia? Hapa lazima niwe mkweli, maana nimeshawahi kusoma waandishi wanaokata kipande cha habari kisichowafaa. Mwaka 260 K.K. kikosi cha kwanza cha Warumi, meli 17 chini ya balozi mtawala Gnaeus Cornelius Scipio, kilinaswa bandarini Lipari bila mapigano ya maana. Mabaharia wake walipagawa wakakimbilia nchi kavu. Aibu tupu. Lakini mwaka huo huo, chini ya Gaius Duilius, Warumi waliwashinda Wakarthago pale Mylae, ingawa sifa nyingi zilikwenda kwa madaraja ya kulabu waliyoyatumia kuingilia meli za adui. Kwa hiyo benchi la nchi kavu lilitoa mambo mawili ndani ya mwaka mmoja, aibu na ushindi. Kumbuka hilo, nitalirudia.

*

Tuvuke karne nyingi. Katika karne ya 19 kupiga makasia kulikuwa mchezo mkubwa wa wasomi na wa vibarua pia huko Uingereza na Marekani. Vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vilishindana kwa mara ya kwanza mwaka 1829. Taabu ilikuwa majira ya baridi. Mito ya kaskazini mwa Marekani inaganda mpaka unaweza kutembea juu yake. Mpiga makasia anakuwa kama mvuvi aliyenyang'anywa bahari kwa miezi kadhaa. Ndipo mafundi wakaanza kubuni mashine za ndani. Mwaka 1872 Mmarekani William Curtis alipata hati ya ubunifu wa mashine iliyotumia nguvu ya kimiminika kuleta uzito. Ndiyo babu wa hii yangu yenye shokapu.

Mwaka 1912 mashine ya namna hiyo ilikuwamo hata ndani ya Titanic, kwenye chumba cha mazoezi cha abiria wa daraja la kwanza. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Watu wanapiga makasia ya uongo ndani ya meli kubwa katikati ya bahari ya kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili meli ikazama, na waliopata nafasi kwenye mashua za kuokolea wakajikuta wanashika makasia ya kweli gizani, kwenye baridi kali. Tajiri Margaret Brown alishika kasia katika mashua namba 6 na kuwahimiza wanawake wenzake wavute.

Katika miaka ya 1950 kule Sydney, Australia, mwanamichezo John Harrison wa klabu ya Leichhardt alitengeneza mashine ya gurudumu la chuma lenye kizuizi, ili nguvu ya mtu iweze kupimwa kwa hesabu badala ya kukisiwa kwa macho. Hata hivyo mashine iliyoenea dunia nzima, ile niliyoikuta hotelini, ilitoka kwa ndugu wawili wa Vermont, Marekani, Dick na Pete Dreissigacker. Dick alikuwa ameshiriki Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Tangu 1976 walikuwa mafundi wa kutengeneza makasia. Vermont baridi yake si mchezo, mto umeganda, wao wanataka mazoezi. Wakachukua baiskeli, wakaifunga chini, wakaanza kuvuta cheni yake. Kutokana na wazo hilo, mwaka 1981 wakaanza kuuza mashine ambayo moyo wake ulikuwa gurudumu la baiskeli lililobandikwa mapezi ya kukata upepo. Ukivuta taratibu upepo unakuachia. Ukivuta kwa nguvu upepo unakukatalia, kama maji yanavyofanya. Ukitaka mwendo mara mbili unahitaji nguvu mara nane. Hakuna njia ya mkato.

Nilipolisoma hilo la baiskeli nilimhadithia fundi baiskeli wa mtaani kwetu. Akatikisa kichwa. "Mimi mambo hayo ningebuni zamani, bana. Nilikosa mto ulioganda."

*

Sasa tufike kwenye uwanja wa ndege niliokuahidi.

Desemba 1979 majeshi ya Urusi ya Kisovieti yaliingia Afghanistan. Olimpiki ya 1980 ilikuwa imepangwa Moscow. Rais Jimmy Carter wa Marekani akataka mataifa yasusie, na Februari 1980 akamtuma Afrika bondia Muhammad Ali kushawishi viongozi. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Ali alishuka, watu wakamshangilia, lakini Mwalimu Nyerere hakumpokea. Kenya ilikubali kususia. Tanzania ilikwenda Moscow.

Tulirudi na medali mbili za fedha, na mpaka naandika hapa ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata. Suleiman Nyambui katika mita 5,000 na Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Wengi wetu vijana tunajua hadithi hiyo inapoishia. Tunasahau ilipoanzia. Februari 1974 kule Christchurch, New Zealand, Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Dunia nzima ikangoja Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 imwone. Hakwenda. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zilisusia kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza kwa makaburu wa Afrika Kusini. Sababu ya haki, lakini ni Bayi aliyebaki nyumbani na miguu yake. Akakimbia miaka minne mingine bila kujua kama mlango utafunguka, na ulipofunguka alikimbia mbio nyingine, akawa wa pili nyuma ya Bronisław Malinowski wa Poland.

Na mwaka ule ule ambao mlango ulimfungukia Bayi, uliwafungia Wamarekani. Wapiga makasia waliojiandaa kwa miaka mingi waliambiwa na rais wao kwamba hawaendi. Baadhi ya vijana wa timu za miaka ile, 1976 hadi 1980, walikuwa na kikundi chao kule Boston kando ya mto Charles, wakajiita kwa utani jina ambalo kwa Kiswahili ningelitafsiri "Nyota Waliokwisha wa Mto Charles". Walikuwa na miaka ishirini na kitu, na tayari wanajiita waliokwisha! Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaanza kushindana wao kwa wao wakati wa baridi, wakiwa ndani, kwenye mashine zile za magurudumu ya baiskeli. Utani ukakua. Ukawa mashindano ya dunia, watu kutoka mabara mengine wanapanda ndege kwenda kupiga makasia ndani ya ukumbi. Tangu 1996 umbali wake ukawa mita 2,000, sawa na mbio za Olimpiki majini. Mwaka 2018 shirikisho la dunia la mchezo huo likaanza ubingwa wake rasmi wa ndani, kule Alexandria, Virginia, na mwaka huo Mwaustralia Joshua Dunkley-Smith alivuta mita hizo 2,000 kwa dakika 5 na sekunde 35.8. Mwaka 2021, kwa ajili ya corona, washindani walishindana kila mtu kwao, wameunganishwa kwa mtandao.

Umeiona sasa, msomaji? Mimi nilichelewa kuiona. Kila nilipoifuatilia historia ya mashine hii, mlangoni nilimkuta mtu aliyefungiwa maji. Mrumi ambaye meli yake bado ni mbao. Mmarekani ambaye mto wake umeganda. Mwanamichezo ambaye rais wake amemkatalia. Na mwaka 2020 walifungiwa watu wa miji mizima, wakanunua mashine za bei rahisi wazitie sebuleni. Kisha milango ilipofunguliwa wengi walizichoka, wakaziuza au kuzitupa. Nami nina hakika moyoni, ingawa siwezi kuthibitisha, kwamba yangu ni mojawapo, ndiyo maana ilifika mnadani haina hata mkwaruzo wa kiti.

Waliobuni na kutumia mashine hii, mama, walikuwa wanangoja. Na hawakutaka kungoja bure.

*

Sasa nisikupambie. Mashine ya bei rahisi ni mashine ya bei rahisi. Siku ya kwanza nilidhani mwili utakumbuka hoteli. Dakika ya nne nikaona nyota mchana. Vidole vilitoka malengelenge, na kesho yake nilishuka kitandani kama mzee wa miaka themanini. Kumbe nilikuwa navuta kwa mikono, kwa hasira, nimesahau miguu. Nikaanza upya, dakika tano, pumziko, dakika tano. Mapigo ishirini kwa dakika, basi.

Shokapu nazo zina tabia yake. Mafuta ya ndani yakipata moto yanakuwa mepesi, ukifika dakika ya kumi na tano unavuta kama unavuta pazia. Ya hotelini haikuwa hivyo. Mwezi wa pili beringi za kiti zikaanza kupiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Yule fundi baiskeli akazifungua, akatia beringi za baiskeli na grisi, akanitoza elfu sita na soda. Kioo kidogo cha mbele hakihesabu mita, kinahesabu mapigo tu. Kwa hiyo sijui nimekwenda umbali gani, najua tu nimevuta mara ngapi. Nikachukua kaunta buku ya nne, upande wa kushoto nikawa naandika mapigo, kulia naandika riwaya.

Mwezi wa tatu niliweza kukaa saa nzima. Sura ya kwanza kati ya zile nne ikatoka. Mhusika wangu yuko baharini usiku, anavuta, na kwa mara ya kwanza nilijua pumzi yake inakatikia wapi. Nilifuta kurasa kumi na moja za zamani ambamo alikuwa anapiga kasia kwa mikono tu. Zilikuwa kurasa nzuri, nakwambia, zina tashbihi za kila namna. Ila zilikuwa uongo.

Mwezi wa sita nikajiona nimeiva. Nikaenda Kunduchi kwa mzee mmoja aliyemfahamu babu, nikamwamkia, nikamweleza. Akanitazama kucha, akacheka, akanipa kasia. Hapo ndipo nilipokutana na Lipari yangu. Nchi kavu haikufundishi wimbi. Kasia la kushoto likaingia majini mno, la kulia likakata hewa, mashua ikazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Watoto ufukweni walipiga makofi. Mzee hakunisahihisha mikono. Alisema tu, "Usiangalie makasia. Angalia ulikotoka." Nikainua macho nikatafuta kitu cha kushika, nikaona mnazi mmoja na nyuma yake mnara wa simu. Nikaviweka sawa. Mashua ikanyooka. Miguu, kiuno, mikono. Tulikwenda kama mita mia mbili hivi, na mzee akaniambia, "Huyu mgongo umeupata wapi? Babu yako ndivyo alivyokaa."

Sikuweza kumwambia niliununua mnadani.

Wenzangu mnaoandika, najua hali zenu maana ni zangu. Muswada uko uvunguni, mchapaji hana habari na wewe, jamaa kijiweni wanakuuliza kitabu kimefika wapi. Siwezi kukuahidi kwamba mlango utafunguka. Bayi hakuahidiwa. Warumi wale wa meli 17 ulifunguka wakaanguka kifudifudi. Ninalojua ni kwamba waliokuwa wamekaa mabenchini ndio waliokuwa na cha kujaribu tena mwaka ule ule.

Riwaya imebakiza sura moja. Haijachapwa bado. Namrudishia mama pesa yake kidogo kidogo, elfu tano tano, nimefikisha laki moja na kumi. Mashine iko nyuma ya mlango wa sebule, na jioni nikimaliza mama huchungulia akiwa na mwiko mkononi.

"Leo mangapi?"

"Mia sita, mama."

"Na kurasa?"

"Tatu."

"Haya. Oga uje ule."